HOTUBA YA UONGOZI WA TAWI KUHUSU MTO MARA

Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma hapa kwa waliokuwa shambani na kwa wenzetu wa ng'ambo, upande wa Serengeti.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 2010 nchi ya Nicaragua ilianza kuzoa tope la mto San Juan, mpakani na jirani yake Costa Rica. Msimamizi wa kazi, Edén Pastora, mpiganaji wa msituni wa zamani, alichimbisha mfereji kwenye ardhi ambayo Costa Rica iliihesabu kuwa yake. Alipobanwa akajitetea kwa ramani ya Google. Ramani ya mtandaoni, jamani, kwa jambo la mpaka wa nchi! Costa Rica haina jeshi. Ikapeleka polisi mpakani na kesi The Hague.

Tarehe 16 Desemba 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba ardhi ni ya Costa Rica na mifereji ile ilivunja mamlaka yake. Lakini kuhusu uzoaji wa tope wenyewe, ilisema madhara hayakuthibitishwa. Costa Rica nayo ikakutwa na kosa: ilijenga barabara kando ya mto bila tathmini ya athari kwa mazingira. Fidia ilipoamuliwa mwaka 2018, ilikuwa imeomba dola milioni 6.7. Ikapewa pungufu ya dola 380,000.

Ndugu zetu, habari hiyo inatuhusu. Mara unatoka Mau, Kenya, unapita hifadhini, ndipo unafika kwetu na kutenganisha Tarime na Serengeti. Takriban asilimia 65 ya bonde lake iko Kenya. Nchi hizi mbili zilisaini makubaliano ya kulisimamia pamoja mwaka 2015, na kila 15 Septemba tunaadhimisha Siku ya Mara. Hotuba zinatolewa, miti inapandwa. Ila maji yakibadilika rangi, wa juu anamnyooshea kidole wa chini, mfugaji anamnyooshea mgodi, mgodi unasema si sisi.

Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuingia Tigithe, na Tigithe humwaga Mara. Mwaka 2019 NEMC iliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa madai ya uvujaji wa bwawa la topesumu. Halafu Machi 2022 maji yakawa meusi, samaki wakaelea. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza. Wengi wetu tulibisha, na kwa sauti kubwa. Lakini tuseme ukweli: tulibisha kwa midomo. Hapa tawini hakuna aliyekuwa ameandika siku maji yalipoanza kubadilika, wala alipo samaki wa kwanza.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mkandarasi yeyote atakayegusa mto, awe wa mchanga, daraja au tope, aonyeshe cheti cha tathmini ya mazingira mbele ya mkutano wa kijiji kabla mashine haijashuka. Asiyekuwa nacho tumpeleke NEMC na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kwa barua, nakala ibaki kwetu. Na sisi wenyewe tutoke ndani ya mita 60 za ukingo, maana sheria ya mazingira ya 2004 inatukataza vilevile. Tunajua kuna wenye bustani za mboga pale, baadhi ni viongozi wa tawi hili. Tumeanza na hao.

Kila kitongoji cha kando ya mto kitoe watu wawili, mmoja mwanamke kwa sababu ndio wanaochota maji kila asubuhi. Kazi yao ni kupiga picha na kuandika tarehe, saa na mahali, maji yakiwa safi na yakiwa machafu. Daftari atatoa katibu. Majina yamfikie kabla ya Ijumaa.

Uongozi wa Tawi