SOMO LA REDIO: TELEVISHENI INAPOKATAA WAIFAI

Maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo ya watu wazima, Njombe na Makambako

Kaeni karibu na redio. Msomaji wa kikundi ashike karatasi hii. Nitakapotaja neno lililoandikwa kwa herufi kubwa, litazameni kwenye karatasi na kulisoma kwa sauti.

Leo tutajifunza juu ya televisheni janja, yaani televisheni inayoweza kupokea picha kwa njia ya intaneti. Tutatazama jambo moja tu: tufanye nini ikiwa televisheni hiyo haitaki kushika waifai ya nyumbani?

Kwa nini tunajifunza jambo hili

Tuseme yuko mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi ya Makambako. Wateja wake ni madereva na abiria wa barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, na wale wanaoshuka hapo ili wapande gari la Njombe au Songea. Ameweka akiba, akanunua televisheni janja ili wateja wake watazame mpira. Siku moja umeme unakatika. Unaporudi, televisheni inawaka, lakini picha za intaneti haziji. Kwenye kioo kuna maandishi madogo. Kijana wake ambaye humsomea yuko shuleni Njombe, kilomita kama 60 kutoka hapo. Mtu mmoja anapita, anatazama, anasema: "Mama, hii imeungua ndani. Nipe fedha nikainunulie kifaa."

Je, mama huyu atoe fedha? Hapana, asitoe bado. Kwanza asome. Maandishi yale madogo ndiyo televisheni inayojieleza mahali inapoumwa. Mtu anayesoma maandishi hayo hadanganywi kwa urahisi.

Njia ya intaneti ina vituo vinne

Fikirini maji ya bomba. Kuna chanzo mlimani, kuna bomba kuu, kuna bomba la nyumbani, na kuna ndoo. Ndoo isipojaa, mtu mwenye akili haanzi kuitoboa ndoo. Hutazama kwanza kama maji yanatoka bombani.

Intaneti nayo ina vituo vyake. Kituo cha kwanza kiko mbali. Sehemu kubwa ya intaneti ya Tanzania hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, zinazotua Dar es Salaam. Waya uitwao SEACOM ulifika mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Kutoka Dar es Salaam intaneti husafiri kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mpaka mikoani, kisha kwenye minara ya kampuni za simu. Kituo cha pili ni kile kisanduku chenye taa ndogo kilichomo nyumbani mwako. Kinaitwa ruta, wengine husema rauta. Kituo cha tatu ni hewa iliyo kati ya ruta na televisheni, maana waifai ni mawimbi ya redio. Kituo cha nne ni televisheni yenyewe.

Tatizo liko katika kimoja cha vituo hivyo vinne. Kazi yetu ni kujua ni kipi.

Jaribio la simu

Chukua simu janja. Zima intaneti ya simu yenyewe, ile ya bando lako. Usisahau hatua hii, kwa sababu usipoizima utadhani waifai inafanya kazi, kumbe simu inatumia bando lake. Sasa unganisha simu kwenye waifai ya nyumbani, ukiwa umesimama karibu na televisheni. Jaribu kufungua picha yoyote ya intaneti.

Simu ikishindwa, televisheni haina kosa. Kosa liko kwenye ruta au kwa kampuni. Simu ikifaulu, kosa liko kwenye televisheni au mipangilio yake.

Kuna na jaribio la pili. Simu nyingi zaweza kugawa intaneti yake kwa vyombo vingine. Iweke simu igawe, kisha unganisha televisheni kwenye simu hiyo. Televisheni ikishika, basi haijaungua. Jaribio hili peke yake lingemwokolea mama wa mgahawa fedha zake.

Washa upya kwa utaratibu

Mara nyingi umeme ukirudi, televisheni huamka kabla ya ruta kuwa tayari. Inatafuta waifai, haiioni, inakata tamaa. Kwa hiyo fanya hivi. Chomoa televisheni kwenye soketi. Kuizima kwa rimoti hakutoshi. Ile taa nyekundu inaonyesha kwamba bado imelala tu. Chomoa na ruta. Ngoja dakika moja au mbili. Chomeka ruta kwanza, ngoja mpaka taa zake zitulie. Mwisho chomeka televisheni.

Ikiwa bado inakataa, sasa soma kioo. Yako makosa ya aina tatu.

Kosa la kwanza: jina la waifai halionekani

Tazama kama ruta inawaka. Kisha tazama mahali ilipo. Nyumba zetu nyingi zina kuta nene za matofali ya kuchoma. Mawimbi hudhoofika yanapopita ukuta, na bati, kabati la chuma au friji huyazuia zaidi. Itoe ruta kabatini, iweke juu, mahali pa wazi, karibu na televisheni.

Jambo jingine: ruta nyingi za siku hizi zina sauti mbili. Moja huitwa gigahezi 2.4, nyingine gigahezi 5. Ile ya 2.4 ni kama ngoma nzito: inasikika mbali na hupita ukutani vizuri zaidi. Ile ya 5 ni kama filimbi: ina kasi, lakini haifiki mbali. Televisheni nyingi za bei nafuu husikia ile ya 2.4 tu. Ikiwa simu inaona waifai lakini televisheni haioni, huenda ruta inatoa ile ya 5 peke yake. Mwambie anayeijua ruta hiyo awashe na ile ya 2.4. Ukiona majina mawili, moja likiishia na 5G, chagua lile lisilo na 5G.

Kosa la pili: neno la siri linakataliwa

Hapa kisomo chetu kinafanya kazi hasa. Kwa ruta, herufi kubwa na herufi ndogo si kitu kimoja. Tuseme neno la siri ni Lupembe10. Ukiandika lupembe10, kwa L ndogo, mlango haufunguki. Ukiandika LUPEMBE10, haufunguki pia.

Angalieni sana herufi zinazofanana. Sifuri, 0, si herufi O. Tarakimu moja, 1, si herufi l ndogo wala I kubwa. Usiache nafasi katikati au mwishoni. Neno la siri la waifai ya kawaida ya nyumbani halipungui herufi nane. Ukihesabu saba, umeruka moja. Kwenye kioo mara nyingi kuna alama ya jicho. Ibonyeze, nawe utaona unachokiandika badala ya vitone.

Ikiwa ruta ni mpya, neno lake la siri kwa kawaida limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini au nyuma yake. Ikiwa mtu wa nyumbani alilibadilisha, televisheni bado inalikumbuka lile la zamani. Chagua jina la waifai, bonyeza neno FORGET, kisha andika neno jipya.

Na hapa nina onyo. Neno la siri la waifai si namba ya siri ya fedha zako za simu. Hakuna televisheni wala ruta inayotengenezwa kwa kutumia namba ya siri ya fedha. Anayekuomba namba hiyo anataka kukuibia.

Kosa la tatu: imeunganishwa, lakini hakuna intaneti

Hapa televisheni na ruta zimepeana mikono, lakini maji hayatoki kwenye chanzo. Sababu zake ni tatu.

Sababu ya kwanza ni bando kwisha. Televisheni hula bando kuliko simu. Saa moja ya picha kali yaweza kula gigabaiti 3 hivi. Saa moja ya picha ya kawaida gigabaiti 1 hivi. Basi bando la gigabaiti 10 laweza kwisha katika saa tatu na kidogo. Punguza ukali wa picha, bando litakaa zaidi.

Sababu ya pili ni hitilafu ya mbali. Tarehe 12 Mei 2024 zile nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilipata hitilafu, na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo mtu wa Njombe angeweza kuifungua televisheni yake yote, asipate faida. Kabla ya kulaumu chombo chako, muulize jirani: "Kwako ipo?"

Sababu ya tatu ni tarehe. Televisheni na kituo cha picha huonyeshana vyeti vya usalama, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Umeme ukikatika, televisheni nyingine hupoteza tarehe na kurudi mwaka wa nyuma sana, kama 1970. Ikifika hapo, vyeti vyote huonekana ni vya uongo, nayo inakataa. Ingia kwenye mipangilio, uiambie ijipatie tarehe yenyewe. Ukiandika kwa mkono, kumbuka kwamba televisheni huhesabu saa kwa Kizungu: saa mbili asubuhi huandikwa 8:00. Lakini lililo kubwa zaidi ni mwaka uwe sahihi.

Televisheni kuukuu ina shida ya pekee. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kilichotumiwa na vituo vingi duniani kilifika mwisho, na vyombo vingi vya zamani vikakataliwa. Dawa yake ni kuipa televisheni programu mpya kutoka kwa waliyoitengeneza, ikiwa ipo.

Yakishindikana haya yote

Jaribu waya. Ruta na televisheni nyingi zina tundu la waya wa mtandao. Ukiunganisha kwa waya na picha zikaja, basi sikio la waifai la televisheni ndilo dhaifu. Huna haja ya kununua televisheni nyingine. Endelea na waya.

Usikubali mtu airudishe televisheni katika hali ya kiwandani kabla hujaandika mahali salama majina na maneno ya siri yote unayotumia, kwa sababu kazi hiyo hufuta kila kitu. Ikiwa televisheni bado ina dhamana, usiifungue. Chukua risiti na hati yake, uirudishe ulikonunua. Na wakati unangoja, kumbuka kwamba kisimbuzi cha antena au cha dishi hakihitaji waifai ili kuonyesha matangazo. Taarifa ya habari utaipata.

Turudi kwa mama wa mgahawa. Ameunganisha simu kwenye waifai: inafanya kazi. Amechomoa na kuchomeka kwa utaratibu: bado. Amesoma kioo: imeunganishwa, hakuna intaneti. Bando lipo. Ametazama tarehe: mwaka 1970. Ameisahihisha, na mpira umeonekana. Hakutoa hata shilingi moja, wala hakungoja likizo ya shule ili mwanawe aje amsomee.

Maneno ya kusoma kwenye kioo

Televisheni nyingi huja na maneno ya Kiingereza. Yasomeni pamoja:

SETTINGS: mipangilio.
NETWORK: mtandao.
WI-FI: waifai.
PASSWORD: neno la siri.
CONNECTED: imeunganishwa.
NO INTERNET: hakuna intaneti.
FORGET: sahau, yaani futa waifai hii kwenye kumbukumbu.
DATE AND TIME: tarehe na saa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini tunazima bando la simu kabla ya kufanya jaribio la simu?
2. Ni chombo kipi huchomekwa kwanza, ruta au televisheni? Kwa nini?
3. Andikeni ubaoni: O, 0, l, I, 1. Kila mmoja aeleze tofauti zake.
4. Jina la waifai linaonekana kwenye simu lakini si kwenye televisheni. Mtatazama nini?
5. Mtu akitaka namba yako ya siri ya fedha ili atengeneze televisheni, utamjibu nini?

Kazi ya nyumbani: nenda kwenye televisheni yoyote iliyo karibu nawe, nyumbani au mgahawani, uombe ruhusa, kisha nakili katika daftari maneno matano unayoyaona kwenye mipangilio yake. Uje nayo darasani.

Ndugu zangu, mwaka 1973 maelfu ya vikundi vya Tanzania vilikaa kuzunguka redio kama mlivyokaa leo, wakasikiliza somo la Mtu ni Afya, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nanyi fanyeni hivyo hivyo: sikilizeni, someni, jadilianeni, kisha mkatende. Kwa herini mpaka somo lijalo.