Wabunifu Wakutane Hapa Hapa Kintinku



Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inapita hapa petu. Kijana wetu mwenye kipaji cha kompyuta huifuata njia hiyo hadi Dar es Salaam. Hafuati mashine, maana kompyuta hata Manyoni zipo, anafuata watu. Mwaka 2011 Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia ilifungua Buni kule Kijitonyama, mahali ambapo mjuzi wa programu aliweza kukutana na mwenye mtaji.

Lakini huko ni nani aujuaye mpunga wa bonde letu, na taabu ya mkulima kupata bei ya haki? Tunaoijua ni sisi. Basi vijana wapewe darasa moja, jioni, wakae na wakulima. Ufunguo anao mwalimu mkuu, nimemwomba, hajakataa.