Kabla hujafowadi gari la maji

(Haya niliyasema kwenye darasa la vijana Jumamosi. Wengi mliomba niyaweke hapa.)



Wiki hii kwenye magrupu yetu imezunguka ile video ya gari linalotumia maji badala ya petroli. Chini yake wameandika eti mgunduzi aliuawa na makampuni ya mafuta. Naelewa kwa nini tunaipenda. Bei ya mafuta inatuumiza, na tunajua wakubwa wanavyoficha mambo. Lakini mimi nasoma sheria, na Sheria ya Ushahidi inasema anayedai ndiye anayethibitisha. Basi tulipeleke hilo gari mahakamani.

Kumbe lilishafika. Mwenye gari ni Stanley Meyer wa Ohio, Marekani. Alidai lingevuka Marekani nzima kwa galoni 22 za maji. Mwaka 1996 watu wawili waliompa fedha walimshtaki. Wataalamu wakakagua mtambo wake, wakakuta unatenganisha maji kwa umeme kwa njia ileile ya kawaida. Mahakama ikasema ni utapeli mkubwa, ikamwamuru arudishe dola 25,000. Alifariki 1998, na uchunguzi ukaonyesha tatizo la mshipa wa damu kwenye ubongo.

Halafu hataza zake hazijafichwa. Hataza maana yake ndo hiyo: serikali inakulinda kwa muda, na wewe unaanika siri yako. Muda wake umeshaisha. Fundi yeyote wa Gerezani anaweza kuzisoma na kuunda. Mbona hakuna gari? Kwa sababu maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ni kama majivu. Nishati utakayotumia kuyatenganisha haipungui ile utakayopata ukichoma tena.

Sasa msiseme nimekuja kuyatetea makampuni. Desemba 1924, mjini Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwemo Osram na Philips, waliunda umoja ulioitwa Phoebus. Walikubaliana balbu iwake saa 1,000 tu, wakati kabla ya hapo zilikuwepo za saa 1,500 mpaka 2,000. Kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiasi kilipigwa faini. Jamani, walitoza faini kwa kutengeneza kitu kinachodumu!

Tunajuaje? Kuna mikataba, kuna viwango vya faini, na kuna ripoti ya 1951 ya tume ya Uingereza iliyochunguza ukiritimba. Na ripoti hiyohiyo inakiri kwamba balbu inayodumu sana hutoa mwanga hafifu kwa umeme uleule. Ushahidi wa kweli ndivyo ulivyo, unakuja na pande zake zote, hata ile usiyoipenda.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu sisi ndo tunaodai mikataba ya serikali iwekwe wazi. Sisi ndo tunaosimama na fomu za matokeo mkononi tukisema, hesabu hii siyo. Siku hiyo mwenye mashaka akifungua ukurasa wako akakuta gari la maji, hataiangalia fomu yako. Atacheka, atapita. Na fomu ilikuwa ya kweli.

Kwa hiyo kabla hujafowadi, jiulize matatu. Nani anadai? Karatasi iko wapi? Nani mwingine ameikagua? Ukikosa majibu, iache ife kwenye simu yako.

Nakaribisha maswali, hata ya kunipinga.