Mkubwa asifunge roho
Hotuba kwa washiriki wetu, Kasuku



Wengine wetu tulikuwa kadogo. Tulifundishwa: mkubwa halii, akilia askari watakimbia. Ni kweli, chini ya risasi kichwa baridi kinaokoa watu. Lakini kuna waliofunga roho kabisa, mtoto akawa bunduki tu. Mwaka 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimpa Thomas Lubanga wa Ituri miaka 14, kwa kuingiza vitani watoto chini ya miaka 15.

Hatuombi mkubwa alie vitani. Tunaomba ajue majina ya watu wake, na mmoja akifa, mama yake aambiwe. Hapa Kasuku kuna mama angali anaweka sahani ya mtoto wake. Basi, sisi tulioona wenzetu wakianguka, twende tuseme.