NJIA ZETU ZA MIGUU NA BAISKELI: NANI ATALIPA?

(Hotuba ya mjumbe wa Kamati katika mkutano wa siku ya kumbukumbu)



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengine walilicheka lilipoletwa kwenye Kamati. Ni njia ya matembezi na baiskeli, itoke kambini, ipite kisimani na shuleni, ifike ufukweni. Walisema: chakula hakitoshi, nanyi mnataka matembezi!

Ndugu zangu, Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, njia kwetu ilikuwa ni mahali pa kukimbilia. Tunao watoto hapa ambao njia wanaijua kwa hofu tu. Siku mtoto atakapoendesha baiskeli jioni bila kugeuka kutazama nyuma, siku hiyo tutajua tumeanza kupona. Na njia hiyo hiyo asubuhi itampeleka mama kisimani, na mvuvi sokoni na tenga lake la samaki. Kwa hiyo si anasa. Swali ni nani atalipa.

Kamati imeulizauliza, maana aulizaye njia hapotei. Tumeona kwamba kwetu hapa hakuna mfuko wenye jina la njia ya matembezi. Fedha zipo kwa majina mengine, na kila mfuko una masharti yake.

Kwanza, mashirika ya misaada. Hawa wana mipango ya kazi kwa fedha. Fedha hizo hulipa mikono: kufyeka, kusawazisha, kuchimba mitaro. Huja upesi, lakini huisha upesi. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga shirika lake la USAID, kazi nyingi katika nchi nyingi zilisimama ghafla.

Pili, kampuni za gesi. Mradi wa Afungi una mfuko wa maendeleo uitwao Pamoja Tunaweza. Tuombe, lakini tukumbuke kwamba mradi wenyewe ulisimamishwa Aprili 2021, na kampuni ikaondoa zuio hilo Novemba 2025. Fedha za kampuni hufuata hali ya kampuni.

Tatu, sehemu ya jamii katika kodi ya uchimbaji. Tangu 2013 Serikali hutenga asilimia 2.75 ya kodi hiyo kwa jamii za mahali panapochimbwa. Wenzetu wa Namanhumbir, kwenye machimbo ya rubi huko Montepuez, wanaifahamu. Hapa pana ugumu: sisi tuliohama hatuhesabiwi kirahisi kuwa jamii ya mahali. Ombi tukilipeleka peke yetu litakwama. Likipelekwa na wenyeji pamoja nasi, kwa njia itakayopita vijiji vyao na kambi yetu, lina nguvu.

Nne, kodi ya mafuta ya magari, inayoingia Mfuko wa Barabara, yaani Fundo de Estradas. Hizo huenda zaidi kwenye barabara zilizo katika orodha ya Serikali, na kijia chetu hakimo. Lakini wazo lenyewe si geni. Marekani, kwa sheria ya 1991, kodi ya mafuta yanayotumiwa na magari ya starehe nje ya barabara ilielekezwa kwenye njia za matembezi. Huko mwombaji hutakiwa kuonyesha mchango wake, na kazi ya kujitolea huweza kuhesabiwa kuwa mchango. Basi nasi tuandike siku zetu za kazi kwenye daftari tangu leo.

Tano, FDEL, mfuko wa wilaya ulioanzishwa 2025. Huo ni wa mikopo ya biashara. Njia haiwezi kukopa, lakini kijana fundi baiskeli anaweza.

Kabla ya kunyoosha mkono, kuna mambo matatu ya kutimiza sisi wenyewe. La kwanza ni ardhi. Ardhi ni mali ya Dola, lakini Sheria ya Ardhi ya 1997 inatambua haki za jamii zilizoikalia kwa desturi. Njia itapita pembeni mwa mashamba ya watu, chini ya miembe na mikorosho yao. Tuwaendee, tuketi nao, tukubaliane kwa maandishi. La pili ni usalama: asifyeke mtu hata hatua moja kabla wenye mamlaka hawajakagua na kuruhusu.

La tatu ni matunzo. Mnaukumbuka uwanja wa mpira tuliojengewa. Shirika lilipoondoka nguzo zilianguka, hapakuwa na wa kununua nyingine, na zile za zamani ziliishia jikoni. Sikulaumu shirika. Tulipokea kitu bila kuuliza nani atakitunza. Njia isiyo na mitaro haivuki masika ya pili, nasi tuliyaona maji ya kimbunga Kenneth mwaka 2019.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza: kila bairo litoe Jumamosi moja kwa mwezi, wenye baiskeli za abiria wachange kidogo katika kisanduku kimoja chenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyeji na mmoja kwetu, na hesabu isomwe hadharani.

Kwenu wageni wa mashirika, ombi letu ni dogo. Mkileta kazi kwa fedha, tengeni sehemu ya majembe, toroli na kalvati, vibaki nyuma malipo yatakapokwisha.

Baadhi yetu tutarudi makwetu, Mungu akipenda. Njia itabaki kwa wenyeji waliotupokea. Nalo ni shukrani.