Jino pia ni ugonjwa
(Maneno ya muuguzi wetu katika mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Tangu turudi kutoka Zambia, sanduku letu limesaidia uzazi, malaria na matanga. Jino halijaandikwa hata mara moja. Mwenye kuumwa anasema: "Haiko ugonjwa, ni jino tu." Anaweka lutuku mdomoni, ananunua vidonge viwili vya amoksisilini barabarani, analala. Leo ninaomba tuliandike.

Ninasemea magego ya mwisho, yale Wafaransa wanaita meno ya hekima. Kwa mtu mwenye meno yote 32, hayo ni 4, na mara nyingi yanatoka kati ya miaka 17 na 25. Nafasi ikikosa, jino linalala upande, nusu ndani ya ufizi. Chakula kinaingia chini ya ile nyama, kinaoza, panavimba. Vidonge vinatuliza siku chache, lakini jino lingali pale, na uvimbe unarudi.

Si kila gego la mwisho ling'olewe. Lisilosumbua tuliache, Uingereza, tangu mwaka 2000, maagizo kwa waganga ni kutong'oa lenye afya. Lakini linalovimba mara kwa mara, ao lililooza, munganga wa meno alione, apige picha, aamue. Anachoma sindano ya ganzi. Wakati mwingine anapasua ufizi, anakata jino vipande, anashona.

Mukitoka pale, baneni pamba kwa meno nusu saa. Siku ya kwanza musisukutue, musivute sigara, musiguse lutuku. Kesho yake, maji ya uvuguvugu na chumvi. Siku ya tatu maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudini kwa munganga.

Sasa musikie vizuri. Mdomo ukikataa kufunguka, homa ikipanda, shingo ikivimba, mate yakishindwa kumezwa, mtu apelekwe saa ile ile hospitali kubwa, kama Jason Sendwe. Uvimbe ukishuka shingoni unaweza kufunga njia ya pumzi. Tusingoje asubuhi.

Ninaomba mambo mawili. Sanduku likopeshe pesa ya kung'oa mapema, mwanachama arudishe kidogo kidogo. Na wafadhili wamubebe yule asiyeweza kurudisha. Kung'oa kwa wakati ni bei ndogo kuliko kulazwa wiki nzima, na ndogo zaidi kuliko matanga.