Sheria ya Kiota



Somo letu ni Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Hapo Mungu awapa Waisraeli sheria ndogo sana. Mtu akikuta kiota njiani, aweza kutwaa makinda. Lakini mama yao sharti amwache aende zake. Tena sheria hii ina ahadi ya heri na siku nyingi, sawa na ile waliyopewa wanaowaheshimu baba na mama.

Kwa nini Mungu ashughulike na kiota? Tuvuke bahari, twende Bukini, yaani Madagaska. Huko yuko bata-maji wa rangi ya kahawia asiyepatikana kwingine duniani. Makao yake yalikuwa ziwa Alaotra. Watu walilima mpunga kandokando, wakachoma matete, wakatega nyavu, na samaki wageni wakatiwa majini. Mwaka 1991 alipatikana dume mmoja tu. Baada yake, kimya miaka kumi na mitano. Mwaka 2006 kikundi kidogo kilionekana katika ziwa dogo la mbali, upande wa kaskazini. Baadhi ya mayai yakaanguliwa chini ya ulinzi wa watu, na mwaka 2018 bata 21 wa uzao huo wakaachiliwa katika ziwa Sofia. Hata leo bata huyu yumo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Angalieni jambo hili. Waliopunguza bata hao hawakuwa watu waovu. Walikuwa wakitafuta wali wa watoto wao.

Na sisi je? Hapa Kilifi tuna ndege mdogo, mnana wa Clarke. Duniani kote ajulikana katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha tu. Viota vyake vilionekana mara ya kwanza mwaka 2013, katika kinamasi cha msimu wa mvua huko Dakatcha. Nasi twajua mirihi ya Dakatcha yaenda wapi: yaingia katika magunia ya makaa. Tusiwahukumu wachomaji. Mvua ikikosekana, gunia la makaa ndilo unga na karo ya shule. Tena sisi wa mjini ndio tunaoyanunua, tukapikia.

Mungu hakuwakataza Waisraeli kula. Aliwawekea mpaka. Makinda ni chakula cha leo, mama ni chakula cha kesho. Atwaaye vyote viwili hushiba jioni moja tu.

Basi juma hili tuulizane katika mabaraza ya makanisa yetu: katika shamba letu, msitu wetu na maji yetu, ni kipi tunachokiacha kama mama? Na ndugu anayechoma makaa kwa njaa, tutamsaidiaje ili aweze kuuacha mti usimame? Kumkemea bila kumsaidia si Injili.

Tuombe. Ee Mungu Muumba, utupe chakula chetu cha leo, na utufundishe kuwaachia watoto wetu cha kesho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.